Kamera ya Arusi: Sikio Kwanza, Jicho Baadaye

Siku hizi hakuna arusi isiyo na kamera. Wazazi wakikosa ng'ombe wa kuchinja watachinja mbuzi, na kamati ya arusi ikipungukiwa itapunguza soda mezani. Walakini mtu wa kupiga picha za video hakosekani. Nami silaumu jambo hilo. Katika ofisi ya parokia kazi yangu ni kuandika majina ya maarusi katika kitabu cha ndoa, pamoja na majina ya mashahidi wawili na ya padre aliyeifungisha. Kitabu hicho chaweza kudumu miaka mia na zaidi. Lakini hakina uso wala sauti. Mtu anayetaka kuona machozi ya mama yake siku ile, au kusikia tena jinsi alivyotamka ridhaa yake, sharti ayatafute katika picha za video.

Basi, vijana wengi waniuliza swali hili: Tununue kamera gani itakayotoa picha safi za HD, bila kututumbukiza katika madeni? Leo napenda kulijibu kwa kirefu, maana nimeona fedha za watu wenye kipato kidogo zikipotea kwa kutojua tu.

BABA ALISEMA NINI?

Mwaka 2019 ilifungwa ndoa katika parokia yetu, na baba wa bibi arusi alikuwa katekista mzee wa kigango kimoja cha mbali. Jioni, ukumbini, mzee yule alisimama akawabariki wanawe. Hakutumia kipaza sauti, kwani hakukizoea. Alisema kwa sauti ya chini, na watu waliokaa karibu naye waliinamisha vichwa. Mpiga picha alikuwako na kamera kubwa ya begani, yenye taa kali juu yake, na kila mtu aliistaajabia. Alisimama upande wa pili wa ukumbi, akauvuta uso wa mzee hadi ukajaa katika kioo.

Mwaka uliofuata mzee alifariki. Baada ya matanga binti yake alifika ofisini kuchukua nakala ya cheti cha ndoa, akaniletea flashi yenye video ya arusi tuitazame katika kompyuta ya ofisi. Picha ilikuwa nzuri ajabu. Kila unywele wa ndevu za mzee ulionekana. Midomo yake ilicheza, mkono wake ulikuwa juu ya shela ya binti yake. Lakini sauti iliyosikika ilikuwa ya feni, ya vijiko, na ya jenereta iliyokuwa ikinguruma nje ya dirisha. Binti alinigeukia akasema, "Mwalimu, wewe ulikuwa umekaa karibu. Baba alisema nini?"

Nilimwambia machache niliyoyakumbuka. Hayakutosha, nami nilijua kuwa hayakutosha.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza habari za kamera ya arusi, simwulizi kwanza kama inaona vizuri. Namwuliza kama inasikia.

HD NI NINI?

Yafaa tuanze na jina lenyewe, maana wauzaji hulitumia kama hirizi. Picha ya video ni kama mkeka. Mkeka wa ukili mpana hauwezi kuonyesha ua dogo. Mkeka wa ukili mwembamba waweza. Picha za televisheni za zamani, kwa mtindo uliotumika kwetu, zilikuwa na mistari 576 ya kuonekana. Picha ya HD kamili ina mistari 1080, na kila mstari una nukta 1920. Ukizidisha utapata nukta zaidi ya milioni mbili katika picha moja. Hizo zatosha kabisa kwa televisheni kubwa ya sebuleni.

Siku hizi kuna pia kamera za 4K, zenye nukta mara nne ya hizo. Ni nzuri, sikatai. Lakini picha zake zadai kompyuta yenye nguvu, na nafasi kubwa ya kuhifadhi. Kijana anayeanza kazi na kompyuta ya kuazima atakaa usiku kucha akiitazama ikihangaika. Kwake yeye HD kamili yatosha, na salio la fedha alipeleke mahali pengine, kama nitakavyoeleza.

Wengine wauliza, "Je, simu haitoshi?" Simu nzuri ya kisasa hupiga picha za HD, na mchana kweupe zaweza kushinda kamera ndogo. Lakini simu hupata joto, hujaa upesi, na mtu akipiga katikati ya ridhaa, mambo yameharibika. Kadhalika kamera nyingi za picha za mnato zilizotengenezwa miaka iliyopita huacha kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa kuwa Ulaya ilitoza ushuru zaidi kamera iwezayo kurekodi dakika 30 au kupita. Nani ameona Misa ya ndoa ya dakika 29? Kamera ya video imetengenezwa kwa kazi ya kukaa macho muda mrefu. Ndiyo maana naisifu.

TUNDU DOGO LENYE THAMANI KUBWA

Sasa tuje kwenye sikio. Kila kamera ya video ina maikrofoni yake ndogo iliyojengwa ndani. Maikrofoni hiyo husikia vizuri kilicho karibu nayo, yaani pumzi ya mpiga picha, vidole vyake, na mtoto aliaye nyuma yake. Waweza kuuvuta uso wa mtu aliye mbali ukaja karibu, lakini sauti yake haiji pamoja nao. Hapo ndipo wengi wakosapo.

Kwa hiyo, ukiishika kamera dukani, kabla ya kuuliza bei, itazame ubavuni. Tafuta tundu la kuchomekea maikrofoni ya nje, tundu la milimita 3.5 kama lile la hedifoni za simu. Kama lipo tundu la pili la hedifoni, ni heri zaidi, maana utasikia kile ambacho kamera yasikia, nawe utajua mapema kama waya umekatika.

Nitoe mifano. Sony HDR-CX405, iliyotoka mwaka 2015, ni kamera ndogo nyepesi ambayo wengi waliinunua kwa sababu ya unafuu wake. Picha zake mchana ni safi. Lakini haina tundu la maikrofoni. Canon LEGRIA HF R806, iliyotoka mwaka 2017, nayo ni ya daraja la chini la bei, lakini ina tundu la maikrofoni na la hedifoni. Kwa mtu wa nyumbani anayepiga picha za watoto wake, hizi mbili ni ndugu. Kwa mtu wa arusi, zimeachana sana.

Kama tayari unayo kamera isiyo na tundu, usikate tamaa. Nunua kinasa sauti kidogo chenye maikrofoni ya kubana kifuani, ukitie katika mfuko wa koti la bwana arusi kabla hajaingia kanisani. Baadaye utaiunga sauti ile na picha katika kompyuta. Waungaji hutafuta mlio mmoja uliosikika kote kuwili ili kulinganisha. Kwetu sisi kengele ya kuanzia Misa yafaa sana.

MACHO YA KUONA GIZANI

Makanisa yetu mengi yana madirisha madogo na paa la bati. Nje jua ni kali, ndani ni kivuli, na maarusi wakisimama mbele ya mlango ulio wazi nyuso zao huwa nyeusi kama mkaa. Kamera yatakiwa ione katika hali hiyo.

Ndani ya kamera kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga, ambacho mafundi hukiita sensa. Hiyo si sensa ya kuhesabu watu. Ni kama sahani inayotegwa mvuani: sahani kubwa hupata maji mengi, ndogo hupata machache. Sensa ndogo ikikosa mwanga, picha hujaa chembechembe kama unga wa dona.

Sasa angalieni mtego uliopo. Ukubwa wa sensa huandikwa kwa sehemu ya inchi. Ile Sony niliyoitaja ni 1/5.8. Ile Canon ni 1/4.85. Panasonic HC-V770, ya mwaka 2015, ni 1/2.3. Mtu asiyeangalia ataona 5.8 akadhani ndiyo kubwa. Tuliosomea ualimu twajua jinsi watoto wanavyodanganyika hapo. Lakini nimewaona na watu wazima wakidanganyika dukani. Ukigawa mkate kwa watu watano, kipande chako ni kidogo kuliko ukigawa kwa watu wawili. Hivyo hiyo ya 1/2.3 ndiyo yenye sahani kubwa kupita zote tatu.

Wala usidanganywe na ukubwa wa mwili. Sony HXR-MC2500, ambayo hubebwa begani na kumpa mtu heshima ya mpiga picha wa televisheni, ina sensa ya 1/4, ndogo kuliko ya hiyo Panasonic inayoshikwa kwa mkono mmoja. Kamera ya begani ina faida zake: hutulia begani, na vitufe vyake vi karibu. Lakini mnunuzi ajue anacholipia.

Kuhusu kuvuta picha za mbali, kuna kuvuta kwa lenzi na kuvuta kwa hesabu. Kuvuta kwa lenzi ni kwa kweli. Kuvuta kwa hesabu ni kuikata picha na kuitanua, kama mtu atanuaye shati lililochakaa. Namba kubwa zilizochorwa ubavuni mara nyingi ni za hesabu. Ile Canon huvuta mara 32 kwa lenzi, na hiyo Panasonic mara 20. Hata mara 20 zatosha kuutoa uso wa bibi arusi mbele ya altare ukiwa umesimama karibu na mlango.

UMEME WA KWETU NA KAMERA ZA NG'AMBO

Kamera nyingi za bei nafuu ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo. Hakuna aibu kuzinunua, lakini angalia zimetoka wapi. Umeme wa Tanzania, kama wa Kenya na Uganda, hubadilika mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni mara 60. Kamera za soko letu na la Ulaya hurekodi picha 25 au 50 kwa sekunde. Za Marekani na Japani hurekodi 30 au 60. Ukiitumia ya Marekani chini ya taa za tyubu za ukumbi, picha yaweza kupepesa kama taa ya kibatari penye upepo. Baadhi ya kamera zina nafasi ya kuweka shata kwenye 1/50 au 1/100, na hapo ugonjwa hupoa. Nyingine ndogo hazina. Tena, kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe huwa na maandishi ya Kijapani tu. Fungua menyu dukani uone.

Nenda dukani na memori kadi yako na hedifoni zako. Rekodi dakika kumi, si sekunde kumi. Vuta picha mbele na nyuma, usikilize kama lenzi inasaga. Funua kioo na kukifunika mara kadhaa. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe utafute madoa. Kisha geukia kona yenye giza uone kama chembechembe ni za kuvumilika. Muuzaji akikasirika, mshukuru na uende duka la pili.

VIJANA WATATU NA SHILINGI 900,000

Mwaka 2022 vijana watatu wa parokia yetu walinijia. Walikuwa wamefuga kuku wa nyama kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, wakaweka akiba shilingi 900,000. Mkubwa wao alikuwa na picha ya kamera moja katika simu yake, nayo bei yake ilikuwa shilingi 900,000 kamili. Alinionyesha kwa furaha.

Nilimwuliza, "Utaisimamisha juu ya nini?" Alinyamaza. "Sauti utaipata wapi? Betri ikiisha wakati wa kukata keki?" Mdogo wao alicheka, lakini mkubwa hakucheka. Alikasirika, tena nilimwelewa, maana kuku mia kadhaa si mchezo. Akasema, "Karani, watu hawaajiri mtu mwenye kamera ndogo." Neno lake lilikuwa na ukweli, nami sikuwa na jibu jepesi. Nilimweleza habari za binti wa katekista.

Walirudi baada ya wiki mbili, tukakaa na karatasi. Tuligawa hivi: kamera iliyotumika yenye tundu la maikrofoni, 480,000, stendi ya miguu mitatu yenye kichwa kinachogeuka polepole, 120,000, kinasa sauti na maikrofoni ya kifuani, 130,000, memori kadi mbili, 70,000, betri ya pili, 40,000, nauli ya Kariakoo na akiba, 60,000. Bei hizo zilikuwa zao siku ile, nazo hubadilika. Cha kushika ni mgawanyo wenyewe: kamera ilichukua zaidi kidogo ya nusu tu.

Kuhusu memori kadi, hesabu ni rahisi. Kamera nyingi za namna hii katika ubora wa juu hurekodi megabiti 28 kwa sekunde, yaani karibu gigabaiti 12.6 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 huchukua karibu saa mbili na nusu. Ya 64 karibu saa tano. Lakini kuna kadi za bandia zilizoandikwa 64 ambazo ndani hazifiki hata 16. Kabla ya kuiamini katika arusi ya mtu, ijaze yote nyumbani kwako, kisha uitazame picha ya mwisho kama inacheza. Na baada ya arusi usiifute kadi mpaka picha ziko mahali pawili. Ukinakili, chukua folda yote kama ilivyo, maana kamera hizi hukata rekodi ndefu vipande vipande, na asiyejua huacha kipande nyuma.

HESHIMA YA NYUMBA YA MUNGU

Kamera nzuri katika mikono isiyo na adabu ni hasara. Hati ya Roma iitwayo Eucharisticum Mysterium, ya mwaka 1967, ilikwisha kuagiza kwamba upigaji wa picha usivuruge ibada, hasa Misa. Hata hivyo twawaona wapiga picha wakisimama kati ya padre na maarusi, na watu wote kanisani wakitazama mgongo wa shati lao. Yafaa mpiga picha amwone padre mapema, aonyeshwe mahali pa kusimama, akae hapo. Lenzi ya kuvuta na maikrofoni kifuani kwa bwana arusi ndizo zinazomwezesha kukaa mbali na bado asikose kitu. Kanisa latufundisha kuwa ridhaa ya maarusi ndiyo inayofanya ndoa. Basi maneno yale machache ndiyo kiini cha siku nzima. Keki, gari lenye maua na muziki vyote vyaja nyuma yake.

Vijana wangu walipiga arusi yao ya kwanza mwezi wa Septemba mwaka ule, kwa malipo madogo. Nilialikwa kuitazama video. Sitasema ilikuwa kama sinema. Pembeni mwa kanisa palikuwa na chembechembe, na mara moja stendi iligongwa na mtoto. Lakini bwana arusi alipofika kwenye ridhaa alikwama, akameza mate, akaanza tena, na sisi sote tulisikia kumeza kule. Mama yake, aliyekuwa ameketi nasi, alijifunika uso kwa khanga. Mkubwa wa vijana alinitazama bila kusema neno.

Basi, ndugu msomaji unayeweka akiba kwa ajili ya kamera, shika haya. Tafuta HD kamili, usikimbilie makubwa. Tazama tundu la maikrofoni kabla ya bei. Soma sehemu ya inchi kama ulivyofundishwa shuleni. Hakikisha kamera yapatana na umeme wa kwetu. Ubakishe karibu nusu ya fedha kwa stendi, sauti, kadi na betri. Wala usikope kwa riba ili uonekane mkubwa begani.

Na wewe mzazi unayemwajiri mpiga picha, usimwulize tu kamera yake ni kubwa kiasi gani. Mwulize, "Wazee wakituombea baraka, maikrofoni utaiweka wapi?" Akikosa jibu, mtafute mwingine. Wazee wetu hawatasimama kusema mara ya pili.